Kaburu, ghulamu na mbweu: maswali ya wasomaji

Neno "Kaburu" tulilitoa wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ndani yake limo neno la Kiholanzi *boer*, linalotamkwa "bur", yaani mkulima. Mwaka 1652 kampuni ya biashara ya Kiholanzi, VOC, ilimtuma Jan van Riebeeck akafungue kituo kwenye Rasi ya Tumaini Jema ili meli zake zipate maji, nyama na mboga. Mwaka 1657 ikawaruhusu baadhi ya watumishi wake wajilimie mashamba yao wenyewe. Kazi ikageuka jina la watu, na wajukuu wakaendelea kuitwa Boer hata wasiowahi kushika jembe. (Jembe lenyewe mara nyingi alilishika mtumwa.) Kwetu, enzi za ubaguzi wa rangi, ukisikia "Makaburu" ujue inasemwa serikali ya Pretoria. Kilimo hakikuwamo kabisa.

Makaburu waliwahi kufika Kenya? (Msomaji, Kitale)

Sana tu. Mwaka 1908 msafara wa Jansen van Rensburg ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha ukakokotwa na maksai mpaka Uasin Gishu. Mji ulioota kwenye shamba namba 64 ndio Eldoret. Wazee wanaouita Sisibo wanaitaja hiyo 64, ila kwa Kiingereza kilichopita vinywani mwa wenyeji.

Karata za Kiholanzi hazina J. Ghulamu kaenda wapi?

Yumo, kavaa herufi B. Kwao ghulamu ni *boer*. Katika klaverjas, mchezo wa karata wa Waholanzi, boer wa turufu ana pointi 20 na humla mfalme, humla hata ree.

Nalea mtoto Rotterdam. Mama yake husema akishanyonya lazima atoe "boertje". Mkulima mdogo?

Mbweu, ndugu yangu. Mweke begani, mpapase mgongo.

Basi boer ni tusi au si tusi?

Inategemea anayesema. Mzizi wake ni mmoja na *buur*, jirani: mtu mnayekaa naye kijiji kimoja. Watu wa mjini ndio walioligeuza dharau, sawasawa na sisi tunavyosema "mshamba". Lakini *visboer* ni muuza samaki na *groenteboer* muuza mboga, na hakuna anayenuna. Wakulima wenyewe hawalionei haya: Oktoba 2019 walijaza matrekta Den Haag kupinga masharti ya kupunguza naitrojeni, na Machi 2023 chama kinachowatetea, BoerBurgerBeweging, kikaongoza kwa kura katika uchaguzi wa mikoa.