Paka wangu kachomwa dawa ya saratani, sasa hataki kula

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Mikindani, Mtwara. Paka wangu Pili ana miaka 9, tulimpeleka Dar wakasema ana limfoma, yaani saratani, ya utumbo, ndo akachomwa sindano ya vinkristini tukarudi na vidonge vya prednisoloni. Leo siku ya nne, katapika mara mbili, sharubu zake nimeziokota kwenye mkeka, na tangu jana asubuhi hajagusa chakula yuko tu uvunguni. Jirani anasema mwili una moto nimpe nusu panadoli. Nimpe? Alafu binti yangu ana mimba na yeye ndo anayemtolea mchanga anaojisaidia, kuna shida?

JIBU: Marahaba mama Pili, pole sana. Panadoli usimpe, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja, sumu inaharibu damu mpaka inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka kama matope na anaweza kufa. Diklofenaki na brufeni nazo weka mbali, tena akiwa kwenye prednisoloni ndo mbaya zaidi.

Sharubu zisikutie presha, zitaota. Kinachoniumiza roho mimi ni hiyo ya kutokula. Binadamu akifunga siku tatu anaamka, paka mgonjwa akikaa siku mbili tatu bila chakula mafuta yanajaa kwenye ini na hilo nalo linakuwa ugonjwa mwingine juu ya saratani, kwa hiyo usisubiri kesho, mpigie leo daktari aliyemchoma umwambie kichefuchefu kimezidi, kuna maropitanti ya kuzuia kutapika na mitazapini ya kuleta hamu ya kula, zinasaidia kweli, ila dozi akupangie yeye. Prednisoloni usiikatishe ghafla, mwambie kama anaitapika.

Wakati huo chemsha kibua bila chumvi wala kitunguu (kitunguu kinaharibu damu ya paka), toa miba yote, mpelekee kikiwa vuguvugu maana paka anakula kwa pua kwanza, na harufu ya samaki wa moto ndo inayomtoa uvunguni. Mpake kidogo kwenye kiganja cha mguu alambe mwenyewe. Akigeuza uso, ondoa sahani, jaribu baada ya saa moja. Usimkabe ukamsukumia mdomoni, anaweza kupaliwa, na atakichukia hicho chakula moja kwa moja.

Kuhusu moto, paka mzima ana joto la 38 mpaka 39.2 kwa hiyo mkononi siku zote atakuwa wa moto. Kipake kipimajoto mafuta ya mgando, mpime njia ya nyuma. Wiki hii ya kwanza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zinashuka, ndo maana ikizidi 39.5 au akilegea hata kichwa hanyanyui hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Na binti asiuguse ule mchanga kabisa. Dawa inatoka kwenye mkojo na kinyesi, zaidi siku tatu za mwanzo baada ya kila sindano. Toa wewe, vaa glavu, funga kwenye mifuko miwili, matapishi vilevile.