Albamu ya mwisho ya Johnny Cash

Hapana ndugu, unasema albamu ya mwisho ya Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani, ni ile ya 2006, lakini si ya mwisho. Ya mwisho aliyoitoa akiwa hai ni American IV: The Man Comes Around, ya nne kwenye mfululizo wa albamu zake za American, Novemba 2002. Alifariki Septemba 2003, akiwa na miaka 71. American V ya 2006 na American VI ya 2010 zilikamilishwa baada ya kifo chake, kwa sauti alizokuwa ameziacha studio. Kwa hiyo ukihesabu hizo, ya mwisho kwenye mfululizo huo ni ya 2010.

Aliyefufua muziki wake ni prodyuza Rick Rubin, mtu wa rap na roki. Kampuni yake ya rekodi, Columbia, walikuwa wamemwacha mzee miaka ya themanini. Mwaka 1993 Rubin akamrekodi na gitaa lake tu, sehemu kubwa sebuleni kwa Rubin, na albamu ya kwanza ya mfululizo ikatoka 1994. Hakuna bendi ya kuficha chochote.

Nimezisikiliza sana kwenye matatu ya Rongai usiku. Vaa hedifoni uisikilize hiyo ya 2002: sauti inakwaruza, pumzi inasikika kati ya maneno, na hawakuifuta. Kwangu hapo ndipo alipoimba vizuri kuliko ujanani.