Mwanangu, hayo maganda usiyachome

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, ile unauliza ndoo ya maganda ya shotgani imejaa huko stoo na mwenzako anasema mmwagie mafuta mchome yaishe, au mtupe tu na taka za kawaida. Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona maneno ni mengi, bora nikuandikie usome ukiwa umetulia.

La kuchoma lifute kabisa kichwani. Moshi wa ile plastiki na mabaki ya fataki, kile kiwashio kidogo cha katikati ya kitako, ni mbaya, hilo unalijua, lakini mimi kinachonitisha zaidi ni kwamba hamna anayejua kama humo ndani hakuna risasi nzima. Utaniambia si tulipiga wenyewe, sawa, ila hiyo ndoo kila mtu kamwagia mfuko wake wa koti, na mfuko wa koti ndio unaochanganya nzima na zilizopigwa kuliko kitu kingine chochote. Risasi nzima ikiingia motoni haiendi kama inavyotoka kwenye bunduki maana hakuna mtutu wa kuibana, inapasuka tu pale pale, lakini vipande vya kitako na ile fataki vinaruka kwa nguvu ya kumtoa mtu jicho. Kwa hiyo kabla hatujaongea habari ya kutupa wapi, kuna kuchambua kwanza.

Mwaga ndoo sakafuni penye mwanga, kaa chini, shika moja moja. Najua inachosha, ifanye hivyo hivyo. Ganda lililopigwa mdomo wake umefunguka, ukilichungulia unaona mpaka chini, kweusi kweusi na harufu ya baruti, na ni jepesi mkononi. Nzima ina uzito, mdomo umekunjwa mikunjo kama ya nyota na haijafunguka. Alafu geuza uangalie kitako, pale katikati kwenye fataki, iliyopigwa ina kishimo kidogo kilichoachwa na pini ya bunduki. Sasa ile ya kuogopa ni yenye kishimo lakini mdomo bado umekunjwa, hiyo pini ilishapiga ikagoma kulipuka, weka pembeni peke yake. Na usipime kwa rula ukachanganyikiwa, ile 70 iliyoandikwa ubavuni ni milimita za ganda likishafunguka, ikiwa nzima ni fupi kuliko namba inavyosema.

Ukikuta la njano katikati ya mengine simama kidogo ujiulize limetoka wapi. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12. Geji 20 viwanda vinazipaka njano makusudi, kwa sababu ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inapitiliza chemba, pale risasi inapokaa, inaenda kukwama mbele kidogo, mtu akichungulia haraka anaona kama patupu anaweka ya 12 nyuma yake anafyatua, mtutu unapasuka mbele ya uso wake. Ganda tupu la njano halina neno, lakini linakuambia kuna mtu anatembea na geji mbili kwenye begi moja, na huyo mtu mnatakiwa muongee naye.

Zile zilizogoma hazitupwi na taka, hazifunguliwi kwa koleo, na usidanganywe kwamba ukiziloweka kwenye maji au oili zinakufa, risasi za siku hizi zimezibwa vizuri tu na huwezi kuwa na uhakika. Rudisha kwa wenye uwanja wa shabaha au duka la silaha ulikonunua, na kama hawapokei uliza polisi wa hapo mlipo utaratibu ukoje. Na siku ikigoma mkononi mwako usiifungue bunduki papo hapo. Mtutu ubaki umeangalia kule kule kwenye shabaha, uhesabu angalau sekunde 30, mie nasema hesabu dakika nzima maana huwezi kujua ni iliyokufa au ni inayochelewa tu, haraka ya nini.

Haya, tuje kwenye kuokota kwenyewe, maana nyie naona mnaokota mwisho wa siku kwa kukisia. Boksi lina risasi 25 na raundi ya trapu, ule mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa hewani, ni visahani 25, yaani hesabu mmeshafanyiwa nusu. Ukitoka na maboksi mawili ukarudi na nzima 12, maganda ni 38, yakiwa 37 basi kuna moja liko kwenye nyasi au, vibaya zaidi, hesabu yako ya nzima ina kasoro. Mimi huwa nayarudisha maganda kwenye boksi lake lile lile, na kwa kuwa yamerefuka mara nyingi boksi halifungi, basi boksi lisilofunga najua ni la yaliyopigwa. Nzima zina mfuko wake, tupu zina mfuko wake, na huo mfuko wa tupu uwe ule wa wavu wa kiunoni, sio wa koti.

Bunduki ya kukunja ile yenye kurusha maganda, ukiifungua funika kwa kiganja yanadondokea mkononi, huna haja ya kuyaacha yaruke nyuma ya bega kumpiga mtu. Semi-otomatiki, zile zinazojipakia zenyewe, nyingi zinatupa kulia mita kadhaa, hapo utainama tu, ila usiiname jirani akiwa anapiga, na mbele ya mstari wa kupigia usikanyage mpaka wote wamefungua bunduki na msimamizi ametamka. Maganda ya watu usiyaguse bila kuuliza. Viwanja vingi lililodondoka chini ni la uwanja, na kuna watu wanajaza upya yao wayapige tena, wanayatunza kuliko wanavyotunza viatu. Wanaojaza ndio mlango wako wa kwanza wa kuyatoa hayo ya kwenye ndoo, japo hawachukui kila kitu, lililopasuka mdomoni au lililokanyagwa watakurudishia.

Kuna kitu kingine watu hawakiokoti kabisa, kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, zile punje ndogo, ndani ya risasi. Kinatoka na marisau kinadondoka mbele yako. Plastiki yake inaelea, kikiingia mtoni kinasafiri, wanaosafisha fukwe wanaviokota sana huko baharini. Kwenye malisho mnyama anaweza kukimeza na nyasi. Ukiweza nunua zenye kizibo cha nyuzi za kuoza kinachokaa badala ya hicho kikombe, usipoweza basi pita na mbele ukivikusanya uwanja ukishafungwa.

Ganda lenyewe likiachwa porini halipotei. Kitako kikiwa cha chuma kinaliwa na kutu kwanza, bomba la plastiki linabaki linapigwa na jua mpaka linakuwa gumu la kukatika katika, vipande vinaingia udongoni vinazidi kuwa vidogo. Na porini kuna jambo jingine la kujilinda mwenyewe baba, mtutu wa shotgani ndani ni laini kwa hiyo marisau hayabebi alama za kuitambulisha bunduki, lakini ganda linazo, alama ya pini na ya ule uso wa chuma unaoliegemea ganda kwa nyuma, wachunguzi wanalinganisha hizo. Siku kukitokea kesi maeneo hayo maganda yako yakawa yametapakaa utaanza kujieleza kwa kitu usichokijua.

Sasa kutupa. Uwanja wenu ukiwa na pipa la maganda tumia hilo, umemaliza, ndio maana mi napenda yaachwe pale pale siku ile ile badala ya kuyapeleka nyumbani. Yakishafika nyumbani shida ni kwamba plastiki na chuma vimebanwa pamoja, mpokea plastiki hataki chuma na mpokea chuma hataki plastiki. Pitisha sumaku kwenye vitako, utashangaa vingi vinavyong'aa kama shaba ni chuma kilichopakwa shaba juu juu tu, vinashika, na visivyoshika ndio shaba yenyewe ambayo wa chuma chakavu wanaitaka. Wengine wanakata bomba juu ya kitako kwa kikata mabomba wanapeleka kila upande kwake. Sikukatazi, ila kila ganda uwe umeshalikagua, uvae glavu, ukatie nje, na umuulize mnunuzi kabla maana wengi hawapokei kabisa vitako vyenye fataki kwa kuogopa risasi nzima kuingia kwenye mashine, na siwalaumu.

Kama njia zote zimegoma ndio unarudi kwenye swali lako la taka za kawaida, na jibu ni ndiyo pale sheria ya kwenu inaporuhusu, kwenye mfuko unaoonyesha ndani, umefungwa, maganda yote wazi. Usiyazike katikati ya taka. Mzoa taka akiona kitako kinang'aa kwenye lundo hawezi kujua ni tupu, utamsimamishia moyo na gari lote.

Mikono nayo. Fataki nyingi zina madini ya risasi, na marisau mengi pia, kwa hiyo ile nyeusi inayobaki kwenye vidole unanawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula au sigara, na vumbi la sakafuni baada ya kuchambua lifute kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu. Ndoo hiyo isirudi kwenye matumizi mengine. Na maganda asipewe mtoto apulize filimbi, naona watu wanafanya hivyo wanacheka.

Marisau yenyewe huwezi kuyaokota, hapo unaamua wakati wa kununua. Bata wanayameza wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula, wanakufa kwa sumu, ndio maana Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini ya risasi kwa kuwindia ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukazuia kwenye maeneo yote ya ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Mkienda majini nunueni ya chuma, ila kwanza hakikisha bunduki yako inaruhusu, mitutu ya zamani haiyapendi. Vipande vya visahani navyo, kama karibu kuna nguruwe viokoteni, vingi vina lami na lami hiyo imeshaua nguruwe.

La mwisho, ukisafiri kwa ndege usilibebe lile begi la shabaha, na koti ligeuze kila mfuko hata ule wa ndani. Kwenye skana ganda tupu na risasi nzima vyote ni kitako cha chuma, na afisa hana wajibu wa kukuamini. Ukimaliza kuchambua nipigie uniambie zilizogoma ni ngapi, na zikae zilipo mpaka uwe umeshaongea na wenye uwanja.

Mama yako