Mama mkwe anasema nimemrithisha mtoto presha, ni kweli?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 26, nimejifungua miezi 2 iliyopita kwa opareshen, mimba ilikuwa ya wiki 34 presha ikapanda mpaka 170 kwa 110, mkojo wakakuta una protini, wakasema tukichelewa napata kifafa cha mimba. Mtoto alitoka na kilo 1.9, saa hizi ananyonya vizuri tu. Sasa mama mkwe kila akija anasema damu ya kwetu imemharibu mjukuu wake, atakuja kuwa na moyo mbovu. Usiku silali namwangalia tu anavyopumua. Ni kweli?
Mama K, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na uzazi. Kulala lala, presha ya mimba haimfanyi mtoto akate pumzi usiku. Tunachojua ni kwamba watoto wa mimba kama yako wakishakuwa wakubwa presha yao inakutwa juu kidogo kuliko wenzao, yani pointi 2 hivi kwenye namba ya juu, ambayo leo wala huioni, ila ikibebwa miaka 50 inaanza kuhesabika. Kule Helsinki waliozaliwa 1934 mpaka 1944 walifuatiliwa hadi uzeeni, waliotoka kwenye mimba za hivi wakapata kiharusi karibu mara 2 ya wengine.

Haya, hiyo damu ya kwenu. Jeni zipo kweli, lakini mwaka 2017 watafiti walikuta badiliko moja, karibu na jeni inaitwa FLT1, kwenye jeni za watoto wenyewe siyo za mama, ndiyo inahusika na protini nyingine (siyo ile ya mkojo) ambayo kondo la nyuma linaimwaga kwenye damu ya mama ikazidi mpaka mishipa ikaumia. Na nusu ya jeni za mtoto katoa wapi kama siyo kwa baba? Tena Utah, Marekani, waliona wanaume ambao mama zao waliwabeba na shida hii, wake zao nao huipata zaidi. Muulize mama mkwe taratibu mimba aliyombeba mumeo ilikuwaje (mimi sijakutuma).

Na siyo jeni tu. La Paz, Bolivia, watafiti walikuta mtoto wa mimba ya presha mishipa yake ilikuwa haitanuki vizuri ila ndugu yake wa tumbo lile lile, mimba ikiwa salama, yuko sawa. Norwei nao wakapima ndugu wa hivyo hivyo, wakakuta presha zao zinafanana, yani kama vile ni ya ukoo siyo ya mimba, kwa hiyo ubishi bado upo.

Wewe hakikisha tu historia hii imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, akifika miaka 3 apimwe presha kila mwaka, kwa mkanda wa mtoto maana wa mtu mzima unadanganya, na uji wake usiuzoeshe chumvi.

Ila ujumbe wako wote nimeusoma mara 2 sijaona presha yako wewe leo ni ngapi. Wenye historia yako wanapata ugonjwa wa moyo karibu mara 2 ya wanawake wengine, na ukishika mimba nyingine wahi kliniki mapema sana, kuna aspirini ya dozi ndogo wanaanzisha kuanzia wiki ya 12. Kesho ukimpeleka mtoto kupimwa uzito, nyoosha na wewe mkono.