Re: PS wa zamani na PS wa leo ni kitu kimoja?

Shekhe wangu, umeuliza kama ukienda intavyuu useme PS, yaani katibu wa serikali wa wizarani, ni yule yule wa zamani. Hapana, usijibu hivyo, herufi ndo zile zile lakini cheo kimebadilika. Mimi nna barua ya marehemu babangu, kazi yake ilikuwa bandarini Kilindini, ya mwaka 1987, imepigwa muhuri mwekundu, chini yake imeandikwa Katibu wa Kudumu, yaani Permanent Secretary, ndo PS wa zamani, karatasi ishakuwa manjano. Huyo wa kudumu twalimrithi kwa Muingereza, maana yake waziri aja aenda lakini katibu abaki na mafaili yake, ila hapa kwetu Kenya rais alikuwa akimteua na kumtoa apendavyo, bunge haliulizwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 155, ndo ikaleta Principal Secretary, PS wa leo, sasa Tume ya Utumishi wa Umma yapendekeza majina, rais achagua humo, kisha Bunge la Taifa liidhinishe. Na yeye asimamia idara ya serikali, si lazima wizara nzima, ndo maana waona wizara moja ina PS wawili watatu. Hicho kifungu kisome chote kabla hujapanda treni ya SGR, kifupi sana wallahi.