Megabiti 20 ni sawa na E1 ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Tulipohama ofisi tulikuta ukutani kisanduku cha kijivu chenye kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: "E1 Na. 1, E1 Na. 2". Sasa tumefungiwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, na taarifa ya makabidhiano inanitaka nieleze laini mpya kwa kipimo kilekile cha zamani. Mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa simu ameniambia ni E1 kumi, ilhali kijana wetu wa kompyuta, kwa jedwali alilolipata mtandaoni, amepata kumi na tatu. Nani amepatia? Tena, nikipakua faili, kompyuta haionyeshi zaidi ya megabaiti 2.3 kwa sekunde. Je, tumepunjwa? — Msomaji, Mikindani.

JIBU: E1 ni laini ya msingi ya simu za kidijitali kwa kipimo cha Ulaya. Mzee amekaribia zaidi, ingawa hesabu yake nayo ina upungufu ambao wewe, kwa kazi yako ya mizani, utauelewa haraka.

Tuanze na kijana. Jedwali lake bila shaka ni la Marekani, ambako laini ya msingi ya simu za kidijitali ni T1, iliyoanza kutumika mwaka 1962, yenye kasi ya megabiti 1.544 kwa sekunde. Ukigawa 20 kwa 1.544 unapata 12.95, na ndiyo kumi na tatu yake. Hesabu haina kosa, ila amepimia kwa debe la watu wengine. Sisi, kama Ulaya, tulifuata E1, ambayo ni megabiti 2.048, na 20 ukiigawa kwa hiyo unapata 9.77, ndiyo kumi ya mzee.

Hiyo 2.048 ilitokana na sauti ya mtu. Sauti kwenye simu ya kidijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. E1 ina nafasi 32 za ukubwa huo zinazopokezana zamu, na 32 mara 64 ni 2,048. (Wanaodhani ni ile 1,024 ya kompyuta mara mbili wanajisumbua; kwa mafundi wa simu, kilo ni 1,000 kamili.) Lakini si nafasi zote zinazobeba mzigo. Moja hubeba alama zinazowezesha mitambo ya pande mbili kujua fremu (yaani mzunguko mmoja wa nafasi zote 32) inaanzia wapi, na kwenye laini za simu, nafasi nyingine moja hubeba ishara za kupiga na kukata, ndiyo maana E1 moja ilipitisha mazungumzo 30, wala si 32.

Hapo ndipo penye gunia. Korosho zikiwekwa kwenye mizani, uzito unaosomeka ni wa korosho pamoja na gunia lenyewe, nawe hutamlipa mkulima kwa uzito wa gunia. E1 yenye fremu, ikitumika kwa data, huacha nafasi 31, yaani megabiti 1.984. E1 kumi za namna hiyo hubeba 19.84, pungufu kidogo ya 20, kwa hiyo unahitaji ya kumi na moja. Kumi zingetosha tu kama ni E1 zisizo na fremu, ambazo biti zote huachiwa data. Hata kijana angejikuta kwenye kumi na nne, kwa kuwa T1 ikitolewa gunia hubaki 1.536.

Kwenye laini kubwa, kugawa moja kwa moja hudanganya zaidi. STM-1, laini inayokusanya E1 nyingi pamoja, ina kasi ya megabiti 155.52, na ukigawa kwa 2.048 utadhani inabeba E1 75, kumbe mpangilio wake wa kawaida hubeba 63.

Kuhusu kupunjwa, hapana. Laini hupimwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Megabaiti 2.3 mara 8 ni 18.4; na kama kompyuta yako, kama zilivyo nyingi, huhesabu megabaiti moja kuwa baiti 1,048,576, kasi halisi ni megabiti 19.3. Kilichobaki kimeliwa na anwani na alama zinazoambatana na kila pakiti, yaani kila kipande cha data kinachotumwa, na alama hizo nazo ni gunia.

Kwenye taarifa yako andika hivi: "Laini mpya, megabiti 20 kwa sekunde, sawa na E1 11 zenye fremu; laini ya zamani, E1 2, megabiti 4.096 kwa sekunde pamoja na fremu."