Ushuru wa forodha analipa nani hasa?

SWALI: Habari mtaalamu. Kodi ya mshahara naielewa, inakatwa kwangu basi. Ila huu ushuru wa bidhaa za nje unanichanganya, wanasiasa wanasema inayolipa ni nchi inayotuuzia, rafiki yangu anabisha anasema tunalipa sisi wanunuzi. Nani yuko sahihi, na kuna namna ya kupima au ni siasa tu?

JIBU: Habari nzuri ndugu yangu. Rafiki yako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, ila sio yote. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa soko huria, naamini watu wakiachwa wauziane bila vizuizi wanafaidika zaidi, kwa hiyo nipime kwa ushahidi ninaotoa na sio kwa msimamo wangu.

Tuanze na makaratasi. Mzigo ukifika bandarini anayejaza fomu za forodha ni mwagizaji wa ndani au wakala wake, anaeleza ni bidhaa gani, imetoka wapi, thamani yake kiasi gani. Mzigo wa dola 40,000 kwa ushuru wa 25% unadaiwa dola 10,000, na hizo hela zinatoka kwenye akaunti ya mwagizaji. Kiwanda cha nje hakiletewi bili yoyote, na serikali ya huko pia hailetewi. Kwa maana ya nani katoa hela mfukoni swali limeisha hapo.

Lakini aliyelipa dirishani sio lazima ndio aliyeumia, na hapa ndio penye utaalamu wenyewe. Yule mwagizaji anaweza kumpandishia mteja bei, anaweza kukubali faida yake ipungue, au anaweza kumbana saplaya wake amshushie. Mara nyingi vinatokea vyote kwa viwango tofauti. Nani atabeba zaidi inategemea nani hana pa kukimbilia. Kama saplaya ana wateja wengine kibao duniani wa kumpa bei ileile, kwanini akushushie wewe? Na kama mteja wa mwisho anaweza kuacha kununua au kuhamia bidhaa nyingine kirahisi, mwagizaji naye anaogopa kumpandishia.

Sasa kupima. Chukua bidhaa iliyokuwa inauzwa 100, wakaweka ushuru wa 25%. Ili mnunuzi asihisi kitu inabidi saplaya ashushe mpaka 80, maana 80 ukiongeza robo yake inarudi 100. Kwa hiyo unaangalia bei ya bidhaa kabla ya ushuru, kama imeshuka kwa kiasi hicho basi kweli wa nje ndio wanalipa, kama haijatikisika mnalipa ninyi. Marekani ilipopandisha ushuru 2018, kwa chuma, aluminiamu na bidhaa nyingi za China, wachumi Mary Amiti, Stephen Redding na David Weinstein walifanya hesabu ya namna hii kwa takwimu za forodha na wakakuta bei za kabla ya ushuru hazikushuka, yaani karibu mzigo wote ulibaki Marekani kwenyewe. Baadaye walirudia na wakakuta kwenye chuma wauzaji wa nje walishusha bei wakabeba kama nusu hivi. Ndio maana nimesema rafiki yako hajapata yote. Nchi yenye soko kubwa inaweza kumbana muuzaji kwenye baadhi ya bidhaa, nchi yenye soko dogo haina ubavu huo kabisa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mashine za kufulia, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho watu wengi hawakifikirii. Mwanzoni mwa 2018 Marekani iliweka ushuru kwenye mashine za kufulia za nje, 20% kwa mashine milioni 1.2 za kwanza kwa mwaka na 50% kwa zinazozidi hapo. Bei ya mashine za kufulia ikapanda kama dola 86 kwa moja. Sawa, hiyo ilitegemewa. Ila mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikuwekewa ushuru hata senti, nazo zikapanda kama dola 92! Sababu ni kwamba watu hununua hizi mbili kwa pamoja, wauzaji wakaligawa lile ongezeko kwenye zote mbili. Na mashine zilizotengenezwa humohumo Marekani zikapanda pia, maana mshindani wako akipandishiwa gharama huna haja ya kubaki na bei ya zamani. Hilo ongezeko la kiwanda cha ndani haliingii serikalini hata kidogo, linatoka kwa mteja linaenda kwa mwenye kiwanda. Watafiti waliopiga hesabu walipata wateja waliumia kama dola bilioni 1.5 kwa mwaka huku serikali ikikusanya dola milioni 82 tu. Ajira zilipatikana ndio, kama 1,800, lakini gawanya, kila ajira moja iligharimu wateja zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Mimi siwezi kumtazama mama anayefulia familia nikamwambia hiyo ni biashara nzuri.

Utauliza mbona basi ushuru wa hivi unadumu. Kwa sababu kiwanda kimoja kinachopata mamilioni kitaajiri mawakili na kushinda kwenye korido za bunge, wewe uliyeongezewa dola 86 hutapanda basi kwenda kuandamana. Angalia ule unaoitwa ushuru wa kuku. Mwaka 1963 Ulaya ilikuwa imezibana kuku za Marekani, Rais Lyndon Johnson akajibu kwa ushuru wa 25% kwenye vitu kadhaa ikiwemo pombe ya brandi na malori madogo. Vingine vilishaondolewa zamani, ule wa malori upo mpaka leo, ugomvi wa kuku wenyewe hakuna anayeukumbuka. Kampuni ya Ford ikawa inaleta vani zake za mizigo kutoka Uturuki zikiwa zimefungwa viti vya nyuma na vioo ili zihesabike magari ya abiria yaliyokuwa yanalipa 2.5%, zikishatoka forodhani viti vinang'olewa zinakuwa za mizigo. Fikiria mtu anafunga kiti kiwandani, kinavuka bahari, mtu mwingine analipwa kukifungua, na hakuna abiria aliyewahi kukikalia. Serikali iliwafuata kwa miaka mpaka 2024 Ford wakakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi. Jasho lote hilo halijaongeza gari hata moja duniani.

Kuna hoja za upande wa pili nisizozipuuza. Ya usalama wa taifa naikubali kwa vitu vichache kweli, kama zana za kijeshi, ingawa kila mwenye kiwanda sasa anadai bidhaa yake ni ya usalama. Ya kulinda viwanda vichanga mpaka vikomae inasikika vizuri kwenye karatasi, shida yangu ni kwamba kiwanda kilicholindwa hakina haraka ya kukua, na atakayekitangaza kimekomaa ni mwanasiasa yuleyule anayehitaji kura zake.

Ukitaka kuthibitisha mwenyewe bila kusoma tafiti, mtafute mwagizaji yeyote unayemwamini, muombe invoisi mbili za bidhaa ileile kutoka kwa saplaya yuleyule, moja ya kabla ushuru haujapanda na moja ya baada. Usiangalie jumla ya chini, angalia bei ya kipande kimoja aliyoandika saplaya. Kisha niandikie umekuta imeshuka kiasi gani.